Mkono, Bomba na Nati: Ukazaji wa Magurudumu katika Barabara ya Iringa na Mbeya

Nati ya gurudumu ni kifaa ambacho kazi yake hueleweka vibaya hata na wanaoishika kila siku. Wengi huichukulia kama komeo: imewekwa pale ili gurudumu lisichomoke. Kumbe kazi yake ni kuvuta. Inapokazwa, bolti hurefuka kidogo mno, kiasi kisichoonekana kwa macho, na kwa kuwa chuma hutaka kurudi katika urefu wake wa awali, hulibana gurudumu dhidi ya habu. Robert Hooke wa Uingereza alieleza tabia hiyo ya vitu kunyumbuka kwa kadiri vinavyovutwa mwaka 1678, zamani sana kabla ya gari la kwanza. Kinachoshikilia gurudumu ni msuguano wa nyuso mbili zilizobanwa, ule wa gurudumu na ule wa habu. Bolti ikivutika pungufu, nyuso huanza kuteleza na gurudumu huikata bolti taratibu. Ikivutika kupita kiasi, hulegea yenyewe kama mpira uliozidishwa, au hukatika. Ugumu wa kazi hii ni kwamba mkono unaoshika spana hausikii bolti ikirefuka. Husikia nati ikigoma kuzunguka tu, na nati inaweza kugoma kwa sababu nyingi: kutu, vumbi, thredi zilizoliwa.

Katika Nyanda za Juu Kusini jambo hili lilianza kuwa na maana mzigo uliposhuka kutoka vichwani mwa watu. Wajerumani walipojenga boma la Iringa mwaka 1896, kila kitu kilipanda na wapagazi, na hali iliendelea karibu vile vile hadi Vita Kuu ya Kwanza. Magari yaliyokuja baada ya vita hayakuwa na nati za gurudumu kama zinavyojulikana leo. Ford ya Modeli T ya miaka ya mwanzo ilikuwa na magurudumu ya mbao, na kila moja lilishikwa na nati moja ya katikati iliyofungwa kwa pini. Tairi likipasuka, lilizibwa na kujazwa upepo pale pale likiwa kwenye gari. Gurudumu zima la kufungua kwa nati tano au sita lilienea katika miaka ya 1920. Wakati huo huo dhahabu ya Lupa, kaskazini mwa Mbeya, ilianza kuvuta watu. Mji wa Mbeya wenyewe ulikua kutokana na pilikapilika hizo. Katika miaka ya 1930 malori yalipanda safu ya milima kwenda Chunya na kushuka yakiwa na mashine, mafuta na unga. Reli ilikuwa mbali, Dodoma au Itigi, na sehemu yote iliyobaki ilikuwa ya magurudumu ya mpira katika barabara ya udongo iliyopita Iringa na kuitwa Barabara Kuu ya Kaskazini, kipande cha ndoto ya wakoloni ya kuunganisha Cape Town na Cairo.

Malori ya Kiingereza ya kipindi hicho, Bedford na Leyland miongoni mwao, yalikuja na desturi iliyowasumbua mafundi kwa miongo mingi: upande wa kulia bolti zilikuwa na thredi za kawaida, na upande wa kushoto zilikuwa na thredi za kushoto. Nia ilikuwa njema. Gurudumu la kushoto, likitazamwa kutoka nje, huzunguka kinyume cha mishale ya saa gari linapokwenda mbele, na wasanifu waliona heri mzunguko huo usielekee upande wa kuifungua nati. Kwa utingo mgeni ulikuwa mtego. Aliyedhani anafungua alikuwa anakaza, na kadiri nati ilivyogoma ndivyo alivyoongeza nguvu, mpaka bolti ikakatika mkononi mwake. Kwenye ncha ya bolti nyingi palichongwa herufi L au R, lakini herufi hiyo ilikuwa chini ya tope au masizi ya breki, na asiyeambiwa hakujua pa kuitafuta. Ndiyo maana jambo la kwanza kwa kijana anayepanda lori lilikuwa kujua kushoto kunafunguliwaje. Elimu hiyo ilipita kwa mdomo, kutoka kwa dereva hadi kwa utingo, na haikuandikwa popote.

Kilichobadilisha ukubwa wa mambo kilitokea nje ya Tanzania. Tarehe 11 Novemba 1965 serikali ya walowezi ya Rhodesia ya Kusini ilijitangazia uhuru. Zambia, iliyotegemea njia ya kusini kwa mafuta yake na kwa shaba yake, ililazimika kugeukia Dar es Salaam. Mwaka uliofuata iliundwa kampuni ya Zambia-Tanzania Road Services, mali ya serikali hizo mbili pamoja na kampuni ya Kiitalia ya Intersomer, na malori ya Fiat yakaanza kumiminika. Yalipanda na mafuta, yakarudi na shaba. Barabara ile, zaidi ya kilomita 900 kutoka Dar es Salaam hadi Tunduma peke yake, ilikuwa bado ya udongo kwa sehemu kubwa. Kiangazi ilitoa vumbi lililomficha dereva asione lori lililo mbele yake, na masika iligeuka uji wa tope. Madereva wa Kizungu waliipa jina la njia ya jehanamu. Bomba la mafuta la TAZAMA lilipunguza mzigo kuanzia 1968, lami ilifika mwanzoni mwa miaka ya 1970, na reli ya TAZARA ilikabidhiwa rasmi mwaka 1976. Hata hivyo malori hayakuondoka tena. Ipogolo chini ya mji wa Iringa, Mafinga, Makambako, Igawa, Chimala, Uyole, Mbalizi na Tunduma zimekuwa sehemu za kusimama, kula, kulala na kuziba pancha.

Katika njia hiyo ndipo desturi mbili za ukazaji zilipokomaa, na kila moja inastahili kupimwa kwa haki yake.

Ya kwanza ni bomba. Spana ya lori ni fupi kwa nguvu ya mtu, kwa hiyo huchomekwa kwenye kipande cha bomba la maji, kisha mtu hupanda juu ya bomba na kulikanyaga kwa uzito wake wote. Kwa macho ya mhandisi aliyezoea vitabu, hilo ni ushenzi. Lakini hesabu yake ni hii. Mtu wa kilo 70 akisimama kwenye bomba, mita moja kutoka kwenye nati, hutoa nguvu ya kuzungusha ya karibu nyutonimita 690. Bolti ya milimita 22, ambayo ndiyo kipimo cha malori makubwa ya Ulaya ya leo, hutakiwa kukazwa kwa nyutonimita 600 hadi 700 kulingana na mtengenezaji. Yaani utingo asiyewahi kuona kitabu cha gari lake, kwa kusimama mahali panapofaa kwenye bomba la urefu unaofaa, alikuwa anapiga karibu na shabaha. Aliyeruka-ruka juu ya bomba alipitiliza, na aliyekuwa mwembamba alipungukiwa. Kwa jumla, hata hivyo, uzito wa mwili ni kipimo kisichobadilika sana kutoka asubuhi hadi jioni, jambo ambalo haliwezi kusemwa juu ya mkono uliochoka.

Desturi ya pili ni grisi, au pale grisi ilipokosekana, oili chafu iliyomwagwa kutoka kwenye injini. Sababu yake ilikuwa pancha. Lori lililopasukiwa usiku katikati ya Igawa na Chimala, na nati zake zimeng'ang'ania kwa kutu na udongo mwekundu, lilikuwa lori lililolala hapo. Matawi ya miti yalitandazwa barabarani kuwaonya wengine, na utingo alikesha akilinda mzigo. Anayepaka grisi leo hujirahisishia kazi ya kesho. Kwa hiyo bolti zilipakwa, thredi zote, na mara nyingi hata uso wa pia wa nati pale inapokaa kwenye gurudumu.

Hapa ndipo mafuta yanapoleta hesabu nyingine. Nati inapokazwa, takribani sehemu tisa kati ya kumi za nguvu ya mkono huliwa na msuguano: karibu nusu chini ya nati inaposuguana na gurudumu, na karibu sehemu nne ndani ya thredi. Ni sehemu moja tu kati ya kumi inayobaki kuirefusha bolti. Mafuta yakipunguza msuguano, sehemu ile ndogo inayobaki hukua haraka. Bolti iliyokazwa kwa nguvu ile ile huku imepakwa oili inaweza kuvutika kwa theluthi moja zaidi ya iliyo kavu. Kwenye lori la bolti nene za chuma kizuri ziada hiyo mara nyingi ilimezwa bila madhara ya papo hapo. Katika bolti nyembamba haimezwi.

Kwa hiyo swali la kama nati ipakwe mafuta halina jibu moja, na hilo ndilo lililochanganya vizazi vya mafundi. Jibu linategemea umbo la nati. Nati ya pia, inayokaa ndani ya tundu lililochongwa mteremko, huliweka gurudumu katikati kwa mteremko huo huo, na watengenezaji wengi hutaka uso wa pia ubaki mkavu, kwa kuwa msuguano wake ni sehemu ya kinachoizuia isirudi nyuma. Nati bapa yenye wosha yake isiyotoka ni jambo jingine. Gurudumu lake huwekwa katikati na ukingo wa habu, nati haina kazi nyingine ila kuvuta, na hutakiwa ipate tone moja au mawili ya oili nyepesi kwenye thredi na kati ya nati na wosha, ili izunguke kwa ulaini unaojulikana. Oili hiyo haitakiwi kuguswa na uso wa gurudumu wala wa habu, maana hapo msuguano ndio unaobeba gari. Grisi nzito haitakiwi katika aina yoyote kati ya hizo.

Nati bapa ilifika barabara hii hasa na malori ya Ulaya ya kizazi kipya. Scania, iliyokuwa ikiunganishwa Kibaha na kampuni ya TAMCO kuanzia miaka ya 1980, ndiyo iliyotawala macho ya watu hadi jina lake likawa karibu sawa na neno lori kubwa. Katika muongo huo huo Ulaya iliacha thredi za kushoto, na bolti zote zikawa za kulia pande zote mbili. Utingo alipumua. Takwimu za huko zilikuja kuonyesha gharama yake: magurudumu yanayochomoka kwenye malori ya Uingereza hutoka kwa wingi upande wa kushoto, na hasa nyuma. Uchunguzi wa maabara ya barabara ya nchi hiyo, TRL, uliotolewa mwaka 2006, ulikadiria kati ya visa 150 na 400 kwa mwaka. Tanzania nayo huendesha kushoto, na upande huo ndio unaokanyaga ukingo wa lami na mashimo ya pembeni. Kwa nini nati ilegee bila mtu kuigusa lilikuwa fumbo hadi mwaka 1969, Gerhard Junker wa Ujerumani alipoonyesha kwa majaribio kwamba kinachoifungua ni mtikisiko wa ubavuni: viungo vilivyobanwa vikiteleza hata kidogo kwenda huku na huku, thredi hupoteza ushikaji wake kwa kitambo na nati hurudi nyuma yenyewe. Tiba aliyoielekeza ni bolti iliyovutika vya kutosha, kiasi kwamba hakuna kinachoteleza. Wosha za springi zilizopendwa na mafundi hazikufua dafu katika majaribio hayo.

Miaka ya 1980 yenyewe haikuwa miaka ya vipimo. Baada ya vita vya Uganda vya 1978 na 1979 fedha za kigeni zilikauka, vipuri vikaadimika, na mabasi ya KAMATA na malori ya mashirika ya umma yaliegeshwa kwa kukosa vitu vidogo sana. Katika mazingira hayo nati ya gari bovu ilihamia kwenye gari zima, na bolti iliyokatika iliweza kukaa miezi bila kurudishiwa. Gurudumu la bolti kumi likiwa na nane linatembea, tena hubeba mzigo. Ila kila bolti iliyobaki hupokea sehemu ya wenzake, na inayofuata kukatika kwa kawaida ni jirani wa iliyokosekana.

Soko lilipofunguliwa, hasa katika miaka ya 1990, Japani ilileta vitu viwili kwa mpigo. Cha kwanza kilikuwa lori dogo na la kati la mitumba, Fuso na Isuzu, ambalo sasa hubeba viazi vya Uyole, mbao za Sao Hill na mahindi ya Mbozi. Malori hayo yalifuata utaratibu wa Kijapani wa nati mbili kwenye magurudumu pacha ya nyuma: nati ya ndani hulishika tairi la ndani, na juu ya nati hiyo hiyo hufungwa nati ya nje ya kulishika tairi la nje. Upande wa kushoto, thredi ni za kushoto. Kosa la kawaida hapa halionekani kabisa. Fundi hukaza nati za nje kwa bidii zote huku za ndani zimelegea, na gurudumu hutazamwa likaonekana zima. Kanuni inataka za nje zilegezwe, za ndani zikazwe, kisha za nje zirudishwe, na asiye na haraka hufanya hivyo nati mbili mbili ili gurudumu lisiachiwe lote kwa wakati mmoja. Japani yenyewe iliuacha mfumo huo kwenye malori yake mapya kuanzia mwaka 2010 hivi na kuhamia nati bapa, lakini mitumba huishi maisha marefu, na nati mbili zitaonekana Mwanjelwa jijini Mbeya kwa miaka mingi bado.

Kitu cha pili kilikuwa gari dogo, na hapo ndipo desturi ya njia kuu ilipogeuka hatari. Gari la abiria la Toyota, kama Noah au Corolla, lina bolti za milimita 12, na nati zake hutakiwa kukazwa kwa nyutonimita 103, kavu, bila oili wala grisi. Nguvu hiyo huivuta kila bolti kwa mzigo wa zaidi ya tani nne, na bolti tano hubana kwa tani zaidi ya 20, mara nyingi zaidi ya uzito wa gari lenyewe. Si haba. Spana iliyokuja na gari ndani ya buti imetengenezwa fupi kwa makusudi: kwa mkono wa sentimita 30, mvuto wa kilo 35 unatosha kufikia kipimo. Mtu mzima wa kawaida, akivuta kwa mkono bila kukanyaga, hukaribia hapo. Fundi aliyejifunza kazi kwenye Fiat na Leyland aliiona spana hiyo kama mchezo wa watoto. Akaleta bomba, akapaka grisi, akakanyaga. Uzito ule ule uliokuwa sahihi kwa lori ni zaidi ya mara sita ya kinachotakiwa hapa, na grisi huongeza juu yake. Bolti ikikatika pale pale ni bahati njema, maana kila mtu ameona. Mbaya ni ile iliyorefuka tu, ikarudi barabarani ikionekana nzima, kisha ikakatika mteremkoni. Rimu za alumini, ambazo zilikuja na magari hayo hayo, huzidi kudai uangalifu: Land Cruiser yenye rimu za chuma hukazwa kwa nyutonimita 209, na yenye za alumini kwa 131, kwa nati za umbo tofauti. Kuchanganya nati hizo ni kosa ambalo hakuna nguvu ya mkono inayoweza kulisahihisha.

Mashine ya upepo, iliyoenea kwenye vibanda vya tairi vya Makambako na Mbalizi, haikuondoa tatizo. Imeongeza kasi tu. Hupiga nati kwa vishindo mpaka fundi achoke kusikia mlio wake, na nguvu inayotoka hutegemea upepo uliobaki kwenye tangi. Inafaa kufungulia na kusogezea nati karibu. Mwisho wa kazi ni wa spana ya kipimo, ile yenye mshale au inayolia inapofikia nguvu iliyowekwa. Asili yake hutajwa kuwa New York mwaka 1918, ambako Conrad Bahr, mfanyakazi wa idara ya maji ya jiji, alitafuta namna ya kuzuia bolti za mabomba zisikazwe kupita kiasi. Chombo kilichozaliwa kwa ajili ya mabomba, basi, ndicho kilichokuja kuliondoa bomba kwenye spana. Katika vyuo vya VETA, mamlaka iliyoundwa kwa sheria ya 1994, na katika Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, kilichoanza mwaka 1986 kama chuo cha ufundi, wanafunzi hukutana nayo. Kando ya barabara haipatikani kirahisi, kwa kuwa bei yake ni kubwa kwa kibanda kinachoishi kwa pancha.

Mengine hayahitaji chombo. Uso wa habu na wa gurudumu husuguliwa kwa brashi ya waya, kwa sababu kutu, udongo na rangi nene hubanwa leo na kulainika kesho, na nati hubaki na nafasi bila mtu kuilegeza. Nati huanzwa kwa vidole ili thredi zisipishane. Hukazwa kwa kuvuka upande wa pili, kama anayechora nyota, kwa awamu mbili au tatu, mwisho gari likiwa chini. Kisha hurudiwa baada ya kilomita 50 hadi 100. Umbali huo, kwa bahati, umekaa vizuri katika njia hii. Gari lililofungwa tairi Iringa mjini hufika Mafinga baada ya kilomita 80 hivi, na lililofungwa Mbeya hupita Vwawa kabla ya Tunduma. Kwa linalopanda kutoka pwani kuna mlima wa Kitonga, na kwa linaloshuka kuna mlima ule ule kwa breki zilizochemka: joto la ngoma ya breki huingia kwenye habu na gurudumu, rangi iliyonaswa katikati hulainika, na vikipoa chini kule Ruaha Mbuyuni mbano huwa umepungua. Nati hazikazwi habu ikiwa ya moto. Husubiriwa ipoe.

Kwenye malori ya kwenda Zambia na Kongo siku hizi huonekana vishale vidogo vya plastiki ya njano vimevalishwa kila nati, viwili viwili vikielekezana ncha. Nati moja ikizunguka hata kidogo, ncha huachana, na dereva huiona akiwa amesimama wima bila kushika spana. Vishale hivyo havisemi bolti imevutika kiasi gani. Vinasema tu kwamba nati haijasogea tangu ilipokazwa mara ya mwisho.